Dag Hammarskjöld

Dag Hjalmar Agne Carl Hammarskjöld (Jönköping, Uswidi, 29 Julai 1905 – karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, 18 Septemba 1961) alikuwa mwanauchumi na mwanadiplomasia kutoka Uswidi. Alikuwa Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa kuanzia Aprili 1953 hadi kifo chake. Jina la ukoo hutamkwa takriban "Hamarshold".

Anakumbukwa hasa kwa sababu chini ya uongozi wake Umoja wa Mataifa ulianza kutuma vikosi vya askari wenye silaha kulinda amani katika nchi za watu, kwanza Misri mwaka 1956, kisha Kongo mwaka 1960. Alifariki kwa kuanguka kwa ndege alipokuwa njiani kutafuta kusimamishwa kwa mapigano Katanga. Chanzo cha kuanguka kwa ndege hiyo hakijathibitishwa hadi leo. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1961 alipewa akiwa amekwisha kufa.

Familia na masomo

Dag alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho, wote wakiwa wa kiume, wa Hjalmar Hammarskjöld na Agnes Almquist. Ukoo wake ulikuwa umetoa maafisa wa serikali na wanajeshi kwa karne kadhaa. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa Uswidi miaka 1914–1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na aliitetea sana siasa ya kutofungamana na upande wowote vitani. Watu walimlaumu kwa njaa iliyotokea nchini wakati huo, akaondoka madarakani bila kupendwa. Kijana Dag aliyaona hayo akiwa na umri wa miaka 11.

Alikulia mjini Uppsala, katika ngome ya kale ambamo baba yake aliishi kama mkuu wa mkoa. Alisoma Chuo Kikuu cha Uppsala, kwanza lugha, fasihi na falsafa, kisha uchumi na sheria. Mwaka 1933 alipata shahada ya uzamivu katika uchumi mjini Stockholm. Hakuoa wala hakuwa na watoto.

Kazi nchini Uswidi na Ulaya

Kuanzia mwaka 1936 alikuwa katibu wa Wizara ya Fedha, na kuanzia 1941 aliongoza pia baraza la Benki Kuu ya Uswidi. Alikuwa mmoja wa watumishi wa umma walioijenga Uswidi ya leo, yenye huduma za jamii kwa wote, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kujiunga na chama chochote cha siasa. Hata alipoingia katika baraza la mawaziri mwaka 1951, aliingia kama mtaalamu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alihamia Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 1947 aliiwakilisha nchi yake mjini Paris katika mazungumzo ya Mpango wa Marshall, ambao ulikuwa msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, na mwaka uliofuata alishiriki katika uongozi wa shirika lililoundwa na nchi 16 za Ulaya kugawa msaada huo. Huko ndiko alikojifunza kuketi meza moja na mataifa yaliyokuwa yakiuana miaka mitatu iliyotangulia.

Wakati huohuo nchi za Ulaya zilikuwa zikitafuta namna ya kujilinda. Uswidi, Norwe na Denmark zilijadiliana kuhusu kuunda muungano wao wa ulinzi. Mazungumzo hayo yalivunjika mwanzoni mwa 1949. Norwe na Denmark zikaingia NATO, Uswidi ikabaki nje (ilijiunga mwaka 2024 tu). Kubaki nje huko ndiko kulikomfanya Mswidi akubalike baadaye kwa Washington na kwa Moscow pia.

Kuchaguliwa kuwa Katibu Mkuu

Katibu Mkuu wa kwanza, Trygve Lie wa Norwe, alitangaza kujiuzulu Novemba 1952 baada ya Umoja wa Kisovyeti kukataa kushirikiana naye kwa sababu ya Vita vya Korea. Kwa miezi kadhaa wakubwa hawakukubaliana juu ya mrithi. Jina la Hammarskjöld lilipopendekezwa, wengi walimwona mtaalamu wa hesabu asiye na makuu, ambaye angekaa ofisini na kupanga mafaili. Mkutano Mkuu ulimchagua tarehe 7 Aprili 1953, naye akaapishwa tarehe 10.

Walimkadiria vibaya. Januari 1955 alisafiri mwenyewe hadi Beijing kuzungumza na waziri mkuu Zhou Enlai kuhusu wanajeshi wa anga 11 wa Marekani waliofungwa nchini China. Wakati huo China ya kikomunisti haikuwa na kiti katika Umoja wa Mataifa, na Marekani haikuitambua. Wafungwa hao waliachiliwa Agosti mwaka huo. Mwaka 1957 alichaguliwa tena kwa kauli moja.

Msomaji wa Tanzania akumbuke kwamba miaka hiyo Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikisimamiwa na Uingereza. Julius Nyerere alipokwenda New York Machi 1955 kulihutubia Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, Katibu Mkuu aliyekuwa madarakani alikuwa Hammarskjöld.

Mfereji wa Suez na kofia za buluu

Julai 1956 Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alitaifisha mfereji wa Suez. Mwishoni mwa Oktoba Israeli iliivamia Misri, na Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani siku chache baadaye kwa mpango uliopangwa kwa siri na nchi hizo tatu. Tatizo la Umoja wa Mataifa lilikuwa wazi: wavamizi wawili walikuwa wanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama, nao walitumia kura ya turufu. Shauri likapelekwa kwa Mkutano Mkuu, ambako hakuna turufu.

Waziri wa mambo ya nje wa Kanada, Lester Pearson, alipendekeza jeshi la Umoja wa Mataifa liingie katikati ya pande zinazopigana. Hammarskjöld mwanzoni alikuwa na mashaka. Alipokwisha kulikubali wazo hilo, yeye na wasaidizi wake, hasa Mmarekani Ralph Bunche, walitunga kanuni zake kwa siku mbili tatu tu. Jeshi haliingii bila ridhaa ya nchi husika. Halichukui askari kutoka mataifa makubwa. Halipiganii upande wowote, na halifyatui risasi ila kwa kujitetea. Kanuni hizo, alizozieleza kwa kirefu katika taarifa ya mwaka 1958, ndizo zinazofundishwa kwa walinda amani hata leo, ingawa zimefanyiwa marekebisho mengi.

Kikosi hicho kilifika askari 6,000 hivi kutoka nchi kumi: Brazil, Denmark, Indonesia, Kanada, Kolombia, Norwe, Ufini, Uhindi, Uswidi na Yugoslavia. Kamanda alikuwa Jenerali E. L. M. Burns wa Kanada. Sare za Wakanada zilifanana mno na za Waingereza waliokuwa wametoka kuipiga Misri kwa mabomu, kwa hiyo ilitakiwa alama ya haraka ya kuwatofautisha askari wa Umoja wa Mataifa. Zilichukuliwa kofia za plastiki za ndani ya helmeti za Kimarekani, zikapuliziwa rangi ya buluu. Askari wa kwanza walitua Misri tarehe 15 Novemba 1956, wiki mbili na nusu tu baada ya vita kuanza.

Nchi nne kati ya hizo kumi zilitoka kaskazini mwa Ulaya, na hilo halikutokea kwa bahati. Zilikuwa ndogo, hazikuwa na makoloni Afrika, na Uswidi na Ufini hazikuwa katika NATO. Kazi ya Suez ilizizoesha kufanya kazi pamoja, na mwaka 1964 zilianza kuandaa vikosi vya akiba kwa ajili ya Umoja wa Mataifa. Kwa namna fulani, ushirikiano wa kijeshi ulioshindikana kwao nyumbani mwaka 1949 ulipata nafasi jangwani Sinai.

Kongo

Mwishoni mwa 1959 na mwanzoni mwa 1960 Hammarskjöld alizunguka Afrika kwa wiki kadhaa, akapita nchi na maeneo zaidi ya 20. Aliona kwamba uhuru unakuja upesi kuliko wakoloni walivyodhani. Kweli, mwaka 1960 pekee nchi 16 za Afrika zilijiunga na Umoja wa Mataifa.

Kongo ilipata uhuru wake kutoka Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960, Joseph Kasavubu akiwa rais na Patrice Lumumba waziri mkuu. Siku tano baadaye askari waliasi dhidi ya maafisa wao, ambao wote walikuwa Wabelgiji. Ubelgiji ikatuma wanajeshi bila idhini ya serikali mpya, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Katanga ilikuwa na shaba, kobalti na urani, na kampuni ya madini ya Union Minière ikamlipa Tshombe kodi iliyostahili kulipwa serikali kuu.

Kasavubu na Lumumba waliomba msaada wa kijeshi kwa Umoja wa Mataifa. Hammarskjöld aliliita Baraza la Usalama usiku kwa kutumia kifungu cha 99 cha Mkataba, kinachomruhusu Katibu Mkuu kuleta jambo lolote linalotishia amani. Azimio lilipita tarehe 14 Julai, na kesho yake askari wa kwanza, Watunisia, walikuwa Léopoldville (leo Kinshasa). Baadaye walifika karibu 20,000, wakitoka Ghana, Moroko, Ethiopia, Nigeria, Uhindi, Malaya, Eire, Uswidi na nchi nyingine nyingi.

Hapa ndipo kanuni za Suez zilipogonga mwamba. Huko Misri askari walisimama kati ya majeshi mawili yenye serikali zake. Kongo hakukuwa na mstari wa kusimama. Lumumba alitaka jeshi la Umoja wa Mataifa limsaidie kuirudisha Katanga kwa nguvu. Hammarskjöld alikataa, akisema jeshi hilo haliwezi kuwa chombo cha upande mmoja katika mgogoro wa ndani. Tarehe 12 Agosti aliingia Elisabethville (leo Lubumbashi) mwenyewe pamoja na askari wa Uswidi, baada ya kukubaliana na Tshombe bila kumshirikisha Lumumba. Waziri mkuu alilichukulia tendo hilo kama dharau, akageukia Moscow kuomba ndege na malori.

Septemba 5 Kasavubu alimfukuza Lumumba kazi. Maafisa wa Umoja wa Mataifa mjini Léopoldville walifunga viwanja vya ndege na kituo cha redio, hatua iliyomwumiza zaidi Lumumba kuliko mpinzani wake. Siku chache baadaye Kanali Joseph Mobutu alitwaa madaraka. Lumumba alilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa nyumbani kwake, lakini alipotoroka mwishoni mwa Novemba na kukamatwa njiani, askari hao hawakuingilia kati. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Katika Afrika hili ndilo doa kubwa katika jina la Hammarskjöld, na si haki kuandika maisha yake na kulipita kwa haraka. Nchi kadhaa, zikiwemo Guinea, Misri na Moroko, ziliondoa askari wao au kutangaza kuwaondoa. Watetezi wake husema hakuwa na mamlaka ya kutumia nguvu, na kwamba angekwenda mbali zaidi Baraza la Usalama lingemwacha peke yake. Lakini kutochukua upande, mbele ya upande wenye fedha za migodi na mamluki wa Kizungu, kulikuwa na matokeo yake, na aliyelipa alikuwa Lumumba.

Nao wakubwa wa mashariki hawakumwacha. Mwaka 1960 kiongozi wa Kisovyeti Nikita Khrushchev alidai katika Mkutano Mkuu kwamba Hammarskjöld ajiuzulu na cheo chake kigawanywe kwa watu watatu. Hammarskjöld alijibu kuwa atabaki, kwa sababu Umoja huo ni wa mataifa madogo kuliko makubwa. Ukumbi ulimshangilia kwa muda mrefu.

Askari nao walikuwa wakifa. Novemba 1960 kundi la Waairishi lilishambuliwa Niemba, kaskazini mwa Katanga, nchi ya Kiswahili inayotazamana na Kigoma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na tisa waliuawa. Februari 1961, baada ya habari za kifo cha Lumumba kutangazwa, Baraza la Usalama liliruhusu nguvu itumike kama njia ya mwisho kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 13 Septemba 1961 jeshi la Umoja wa Mataifa lilianza operesheni ya kumaliza ukaidi wa Katanga. Lilipata upinzani mkali. Huko Jadotville (leo Likasi) kampuni ya Waairishi 155 hivi ilizingirwa siku kadhaa, ikasalimu amri ilipoishiwa maji na risasi. Ndege moja ya kivita ya Katanga iliwasumbua askari kila siku, na Umoja wa Mataifa haukuwa na hata moja ya kuijibu.

Safari ya Ndola

Hammarskjöld, ambaye wakati huo alikuwa Léopoldville, aliamua kukutana na Tshombe ili mapigano yasimame. Mahali palipokubaliwa ni Ndola, mji wa migodi katika Mkanda wa Shaba, chini ya utawala wa Waingereza na karibu na mpaka wa Katanga.

Aliondoka alasiri ya 17 Septemba 1961 kwa ndege aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina, ikiendeshwa na Waswidi. Kwa kuihofia ndege ya Katanga, rubani hakutangaza njia yake. Alielekea mashariki hadi Ziwa Tanganyika, akashuka kusini akilifuata ziwa, ndipo akageukia Ndola. Muda mfupi baada ya saa sita usiku ndege ilipita juu ya uwanja wa Ndola, rubani akasema anaona taa. Kisha kimya. Uwanja ulifungwa kwa dhana kwamba mgeni ameamua kwenda kwingine, na mabaki yalifikiwa na wenye mamlaka alasiri ya siku iliyofuata, ingawa yalikuwa kilomita 15 tu hivi kutoka uwanjani. Abiria na wahudumu walikuwa 16. Mmoja, Harold Julien, alikutwa hai, naye akafa hospitalini siku chache baadaye.

Kwa watu wa Rungwe Ndola haikuwa mji wa mbali. Vijana wengi wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, Igogwe na vijiji vya jirani walikuwa wakienda Mkanda wa Shaba kufanya kazi migodini. Tanganyika yenyewe ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kuingia Umoja wa Mataifa siku tano baadaye, chini ya Katibu Mkuu mwingine, U Thant wa Burma.

Uchunguzi

Tume ya serikali ya Rhodesia iliamua mwaka 1962 kwamba rubani alikosea na kushuka chini mno. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo haikuweza kuthibitisha chanzo, wala haikuondoa uwezekano wa shambulio.

Watu wa kwanza kuyafikia mabaki walikuwa wachoma mkaa wa msitu ule. Wengine kati ya wakazi walieleza kwamba usiku ule waliona ndege ya pili angani, au mwanga ukiishukia ndege kubwa. Tume ya Rhodesia ilipuuza ushahidi mwingi wa Waafrika, ikiuona si wa kuaminika, na ikawasikiliza zaidi Wazungu. Baadhi ya wachoma mkaa walifungwa kwa kuchukua mashine ya maandishi ya siri waliyoiokota pale, wakidhani ni taipureta. Ilichukua nusu karne hadi watafiti kuwarudia wazee hao na kuandika maneno yao kwa makini. Kitabu cha mwanahistoria Susan Williams cha mwaka 2011 ndicho kilichofanya dunia isikilize.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo jipya chini ya Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania na ambaye awali aliongoza waendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mjini Arusha. Baadaye alipewa kazi hiyo peke yake. Katika taarifa ya 2017 na zilizofuata ameeleza kuwa inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, bila kudai kwamba jambo hilo limethibitishwa. Ameeleza pia kuwa nchi chache, hasa Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, zinaaminika bado kuwa na kumbukumbu ambazo hazijatolewa, zikiwemo za mawasiliano ya redio yaliyonaswa usiku ule.

Baada yake

Katanga ilirudishwa Januari 1963, kwa nguvu, na askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kongo tarehe 30 Juni 1964. Takriban 250 kati yao walikuwa wamepoteza maisha. Gharama na uchungu wa kazi hiyo viliufanya Umoja wa Mataifa usitume tena kikosi kikubwa namna hiyo Afrika kwa miaka 25 hivi.

Mashariki ya Kongo imewaona walinda amani tena tangu mwaka 1999. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulituma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa mjini Bunia, Ituri, kwa miezi mitatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupeleka jeshi nje ya Ulaya bila msaada wa NATO. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilitoa brigedi iliyopewa ruhusa ya kushambulia vikundi vya waasi, jambo ambalo Hammarskjöld hakuwahi kuliruhusu mwaka 1960. Desemba 2017 zaidi ya askari kumi wa Tanzania waliuawa kambini kwao Semuliki.

Mtu binafsi na kumbukumbu

Hammarskjöld alipenda kupanda milima na kusoma mashairi. Tangu 1954 alikuwa katika Akademia ya Uswidi, akikalia kiti kilichokuwa cha baba yake. Katika nyumba yake mjini New York ulikutwa mswada wa tafakari alizoziandika tangu ujana, zenye imani ya Kikristo ambayo wenzake wa kazini hawakuijua. Ulichapishwa mwaka 1963 kwa jina la Vägmärken, maana yake alama za njiani, na umetafsiriwa katika lugha nyingi. Jambo la kushangaza ni kwamba ndani yake hamna karibu neno lolote kuhusu kazi yake ya Katibu Mkuu.

Alizikwa Uppsala tarehe 29 Septemba 1961, katika kaburi la familia. Maktaba ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa ina jina lake, vilevile nishani iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa walinda amani waliokufa kazini. Nje ya Ndola, mahali ndege ilipoanguka, kuna mnara wa mawe na makumbusho madogo katikati ya miti.